Meku alikuwa anaomba nini: kisa cha familia moja ya Old Moshi

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu. Kila ninapowafundisha wauguzi wapya wanaoanza kwenda majumbani kwa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, nakisimulia kwa mdomo, na kila mara kinatoka tofauti kidogo. Nimeona bora nikiandike chote mara moja. Familia imeridhia. Majina sitaji, hospitali sitaji, na mambo machache nimeyasogeza ili jirani asimtambue jirani. Mgonjwa nitamwita Meku, kama sote tulivyokuwa tukimwita, maana huku kwetu Uchagani ndivyo mzee anavyoitwa.

Alikuwa na miaka 71, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa katika usharika wao wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mkulima wa kahawa kwa namna ya wazee wa huku: miti michache ya arabika chini ya migomba, mfongo, yaani mfereji wa maji ya shamba, unapita pembeni, ng'ombe wawili bandani. Nyumba iko juu, ukishaiacha Kiboriloni na kupanda mpaka baridi ianze kukuambia uvae sweta. Mkewe tulimwita Mama. Kifungua mimba, mwanaume, anafanya kazi Dar es Salaam. Wa pili ni binti, anaishi Arusha. Wa tatu yuko mbali na alikuja kwenye msiba tu. Kitinda mimba, kijana wa miaka 29, amebaki nyumbani, kama desturi inavyotaka kwamba mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi.

Ugonjwa ulianza taratibu. Agosti Meku alimwambia Mama auponde mtori zaidi. Septemba akaacha nyama, akasingizia meno. Oktoba akashuka duka la dawa, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazinywa wiki tatu. Hakuna aliyeshtuka. Mzee wa umri ule kula kidogo si habari.

Desemba watoto wakapanda nyumbani kwa Krismasi, akachinjwa mbuzi. Aliyeona ni yule binti wa Arusha. Baba yake alitafuna kipande kimoja muda mrefu mno, kisha akanyanyuka kama anakwenda kuangalia ng'ombe, akaingia nyuma ya migomba akakitema. Alipojipangusa mdomo na kugeuka, wakagongana macho. Hawakusemeshana. Binti aliniambia baadaye kwamba siku ile ile ndiyo aliyoanza kufunga.

Januari akapimwa kwa mpira wenye kamera. Saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, imeziba karibu pote, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Huu ni ugonjwa wa kwetu kwa namna ya kusikitisha. Upo ukanda mzima wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia na Kenya kushuka hadi Malawi, ambako saratani hii inaonekana kuliko sehemu nyingi za dunia. Vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, vilitajwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa huenda vinachangia, na watafiti wamelichunguza jambo hilo hata hapa Kilimanjaro. Nalitaja kwa sababu pale nyumbani yalisemwa mengi: amerogwa, ni ile mbege, pombe yetu ya ndizi, ni laana ya shamba. Meku mwenyewe alikunywa chai inayochemka maisha yake yote, kama baba yake. Sidhani kama kuna aliyestahili kulaumiwa.

Majibu hakupewa yeye. Daktari alimvuta kifungua mimba pembeni, kwenye korido, akamweleza. Kifungua mimba akasema, "Daktari, tafadhali, Mzee asiambiwe. Atakata tamaa." Daktari akaitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na faili mkononi, nikanyamaza. Miaka kumi na minne ya uuguzi, na nikanyamaza. Kila kilichoharibika baadaye kilianzia pale kwenye korido, na nilikuwepo.

Aliwekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachotanuliwa ndani ya umio ili njia ibaki wazi. Akaanza tena kumeza mtori mwepesi, uji wa ulezi na maziwa. Kwake aliambiwa kwamba "koo limezibuliwa". Akarudi nyumbani na chupa ya mofini ya maji.

Chupa isiyopungua

Mofini ya maji ndiyo dawa kuu tuliyo nayo kwa maumivu makali ya saratani. Kwa mzee aliyedhoofika unaanza na kipimo kidogo, kila baada ya saa nne, na kile cha mwisho cha usiku unakifanya mara mbili ili mgonjwa alale bila kuamshwa. Unampa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini inafunga choo kila siku inayotumika. Ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa polepole, haimwui mtu wala haimgeuzi teja. Inamrudishia usingizi. Haya nilimweleza Mama na kitinda mimba jikoni, wakaniitikia vizuri. Nikabandika kipande cha plasta ubavuni mwa chupa, nikachora mstari wa kalamu kuonyesha dawa ilipoishia.

Niliporudi baada ya wiki moja, dawa ilikuwa pale pale kwenye mstari.

Meku alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito mitatu, ameuma pembe ya taulo. Nikamwambia, "Shikamoo Meku, leo tumeamkaje?" Akalitoa taulo mdomoni, akasema, "Marahaba mwanangu. Nimepona kwa jina la Yesu." Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola ya shati.

Binti wa Arusha alikuwa ameomba likizo, amehamia pale. Anasali katika kanisa moja la maombezi, na ibada yao naijua, sikuja kuisema vibaya. Walikuwa kwenye mfungo wa siku 21 kwa ajili ya baba yake. Mtumishi wao alikuwa amempa neno kwamba mzee ameshafunguliwa, kilichobaki ni familia kulishika neno na kutokiri mauti. Kwa hiyo pale nyumbani kulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mtu alizijua. Neno saratani halitamkwi. Hakuna kumuuliza mgonjwa kama anaumwa, maana jibu lolote isipokuwa "nimepona" ni kukiri ugonjwa. Na mofini haitumiki, kwa sababu, kama alivyoniambia binti mwenyewe bila kunificha, "Dada, hiyo si dawa ya mtu anayepona. Hiyo wanapewa wanaokufa."

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilibishana naye mbele ya baba yake. Nikamweleza ini, nikamweleza hatua za ugonjwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, nikamwambia Mungu ndiye aliyewapa madaktari akili. Yote yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kumkumbatia baba yake, na ndivyo baba yake alivyozidi kusema amepona, ili binti asishindwe mbele ya mgeni. Nilishuka siku ile nikiwa nimemwacha mgonjwa na maumivu na familia ikiwa na adui mpya, ambaye ni mimi.

Ni rahisi kumfanya huyu binti kuwa ndiye mwenye kosa katika kisa hiki, na wanafunzi wangu wengi humfanya hivyo. Mimi sikubali. Kuutafuta uponyaji kwa imani hakukuanza na yeye wala na makanisa ya Arusha. Waraka wa Yakobo unaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta, na Meku mwenyewe kama mzee wa kanisa alikuwa amekwenda kwenye vitanda vingi kwa agizo hilo. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipokuwa akitoa kikombe cha dawa ya mitishamba kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, maelfu ya watu walipanga foleni ya magari ya siku kadhaa, wasomi na wasiosoma, Wakristo na Waislamu. Meku alikwenda. Alimpeleka mama yake mzazi. Siku moja nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu safari ile. Dawa hakuizungumzia. Alisema, "Nilikaa na mama garini siku tatu. Tangu nilipooa sikuwahi kukaa naye siku tatu mfululizo. Alinisimulia mambo ya babu yangu ambayo hakuna mwingine aliyeyajua."

Kwa hiyo binti alikuwa anafanya alichofundishwa na nyumba ile ile. Mtu asiyekula siku 21 kwa ajili ya baba yake anampenda baba yake. Shida ilikuwa kwamba upendo ule ulikuwa umemfungia mzee chumbani peke yake na kifo chake.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo lazima lieleweke hapa. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyetumwa na misheni ya Leipzig na kufanya kazi Kidia, Old Moshi, miaka mingi kabla ya 1938, alitaka kanisa lisimame juu ya mambo matatu aliyowakuta nayo Wachaga: ukoo, ujirani na rika. Alama yake bado ipo. Imani ya huku haikai moyoni mwa mtu mmoja, inakaa sebuleni. Ukiugua, jumuiya inakuja na viti vyake. Huo ni utajiri ambao wagonjwa wangu wa mjini wanaulilia. Lakini sebule ikishakubaliana kwamba umepona, huna kona ya kusimama na kusema hujapona.

Suti kwenye kamba

Niliporudi mara ya tatu ilikuwa Jumamosi. Binti alikuwa ameshuka Kiboriloni kununua maziwa ya mtindi na ndizi mshare. Nikambadilisha Meku shuka, nikakaa kwenye stuli, na kwa kuwa maneno yangu yote ya wiki zilizopita yalikuwa yameshindwa, nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza Januari.

"Meku, watu wote hapa wanaomba upone. Wewe mwenyewe unaomba nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole dirishani. Nje, kwenye kamba, kati ya shuka na khanga, ilikuwa imeanikwa suti ya kijivu, imepigwa pasi, imewekwa kwenye hanga.

"Mama yenu anaianika kila Jumamosi," akasema. "Suti ile niliivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya binti. Unafikiri mimi sijui inaanikwa kwa ajili gani?"

Alijua. Alikuwa amejua tangu kabla ya kamera. Mama naye alijua, na alikuwa akiitayarisha suti ya mazishi bila kumwambia mtu, huku usiku akiitikia "amina" kwenye maombi ya uponyaji. Kitinda mimba alijua, akawa anakesha bandani kwa ng'ombe ili asionekane analia. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwingine kwa lugha ya imani, na waliokuwa wanalindwa walikuwa wameshafika huko peke yao.

Alichokuwa anakiomba Meku ni mdogo wake.

Mdogo wake anaishi ng'ambo ya mfongo, hatua labda themanini kutoka dirisha lile. Mwaka 1998 mtu alichimba mashimo ya kahawa mpakani na kung'oa masale. Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wenye majani marefu ambao Wachaga hupanda kuweka mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Kila mmoja alisema ni mwenzake aliyeung'oa. Wakapelekana kwa wazee, wakapelekana hadi baraza la kata, na baada ya hapo hawakusemeshana tena. Walikuwa wakiketi kanisa moja, mabenchi tofauti. Meku aliniambia, "Siombi kupona mwanangu. Nimeishi. Naomba siku ya kunizika ndugu yangu asisimame nyuma kabisa ya watu kama mpita njia. Lakini nikimwita sasa, itakuwa nimekiri. Binti yangu atavunjika."

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni kitu kimoja chenye sehemu nyingi: mwili, akili, familia, roho. Huwa tunalikariri hilo darasani hadi linapoteza ladha. Kwa Meku nililiona. Umio wake ulikuwa unauma, na mpaka wa shamba ulikuwa unauma, na hofu ya kumvunja mtoto ilikuwa inauma, na kwa chupa ile imejaa mezani hata sehemu moja haikuwa imeguswa.

Nikamuuliza kama yupo tayari kumwambia binti mwenyewe, nami nikiwepo. Akasema yupo tayari kumwambia jambo moja tu kwanza.

Binti aliporudi akaketi kitandani. Meku hakutaja kifo. Alimwambia, "Mwanangu, maumivu yakija siwezi kusali. Nafumba macho nianze Baba Yetu, najikuta nahesabu mbao za dari. Zipo 26. Nimezihesabu usiku kucha wiki tatu. Mimi nataka kusali na wewe."

Hakuna hoja yangu hata moja iliyofanya kazi kama mbao 26. Binti alilia, si kidogo. Baadaye akanifuata jiko la nje, moshi unatutoa machozi sote, akaniuliza swali ambalo hadi leo sina jibu lake zuri: "Dada, mimi nikikubali kwamba anaondoka, ni nani atabaki anamwombea?" Nilimwambia tu kwamba sijaja kumzuia asiombe. Akaichukua chupa, akaweka mkono juu yake, akaiombea kwa dakika kadhaa, na mililita za kwanza akampa baba yake yeye mwenyewe. Usiku ule Meku alilala hadi jogoo.

Tangu hapo mimi sigombani tena na maombi. Tunaiita kazi yetu tiba shufaa, na wengi hawajui kwamba shufaa kwa Kiswahili ni maombezi, kumtetea mtu mbele ya mwenye uwezo. Binti alikuwa ameshaanza shufaa kabla sijafika. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza anayeombewa.

Jani la isale

Kazi iliyobaki haikuwa yangu, na niliisimamia kwa mbali. Meku alimtuma kitinda mimba akate jani la isale, na akasisitiza likatwe kwenye mpaka ule ule wa ugomvi, akampelekee Baba Mdogo. Kwa Mchaga, ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hulikatai. Binti hakufurahi. Alisema hayo ni mambo ya mizimu. Meku akamjibu kwa upole sana, "Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka 18. Namjua ninayemwamini. Lakini Baba yako Mdogo barua yangu hataisoma. Isale ataisoma."

Baba Mdogo alikuja jioni ya siku ya pili. Alikohoa getini, akasimama, akapiga hodi kama mgeni. Nilikuwa nafunga begi langu. Waliamkiana kwa Kichaga, na baada ya hapo, kwa karibu saa nzima, walizungumza juu ya zamu za maji ya mfongo. Nani anafungulia Jumanne, nani amepasua tuta la juu, kahawa ya mwaka huu imechanua vipi. Neno msamaha sikulisikia. Alipoondoka, alilichukua taulo lililoumwaumwa pembeni mwa kitanda, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya mto.

Mchungaji alikuja Jumatano pamoja na mwinjilisti na wazee wawili. Nilikuwa na wasiwasi atamsahihisha binti mbele za watu. Alifanya kinyume, akamwomba yeye aanze kwa sala. Binti akaomba uponyaji, kwa nguvu, kwa dakika nyingi, na Mchungaji akaitikia "amina" kwa sauti. Kisha akasoma habari za Getsemane, Yesu anamwomba Baba kikombe kimwepuke, na anachosema baada ya hapo. Hakuhubiri juu yake. Aliyafunga Maandiko akasubiri. Nimeona wachungaji wengi vitandani, wazuri na wa haraka. Huyu alijua kukaa.

Kabla ya Chakula cha Bwana aliniita pembeni na kuuliza kama mkate utapita kwenye stenti. Sijawahi kuulizwa swali la kiuguzi lenye heshima kiasi kile. Tulichukua kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, tukakiloweka kwenye divai ndani ya kijiko cha chai hadi kikalainika kabisa, nikamwinua Meku mgongo, Mchungaji akampa. Alikaa nacho mdomoni. Mama alishika kidevu chake kama anavyoshikwa mtoto. Kikapita.

Kifungua mimba alipanda kutoka Dar wiki iliyofuata, na baba yake akamwambia kwa mdomo wake kwamba alikuwa anajua tangu Januari. Huyu ndiye niliyemwonea huruma kuliko wote. Alikuwa ameubeba ule mzigo wa korido miezi mitatu peke yake, na ni sisi tuliomtwika.

Nikiulizwa leo kisa hiki kilikwenda vibaya wapi, sisemi kanisa la binti, ingawa lile neno kwamba mzee ameshafunguliwa nalihesabu kuwa lilikuwa zito mno kumpa mtu aliyekuwa na njaa ya siku 21, na aliyelitoa hakupanda hata siku moja kuja kukaa na mgonjwa. Nasema kwanza ni sisi. Tulimwambia mtoto kisichokuwa chake, tukamnyima mwenye mwili. Tukaipa familia siri halafu tukashangaa kwa nini inaishi kwa siri. Binti aliambiwa na hospitali kwamba "koo limezibuliwa". Kwa nini asiamini kuwa baba yake anapona? Angalau mtumishi wake alimtazama usoni alipokuwa anasema naye.

Wiki za mwisho nilipanda mara mbili kila wiki. Masika yalikuwa yameanza, bodaboda inateleza, mara mbili nilitembea kipande cha mwisho nikiwa na viatu mkononi. Niliwafundisha yatakayokuja: kwamba atakataa uji na asilazimishwe, kwamba miguu itapoa, kwamba mate yatakoroma kooni na inasikitisha kuyasikia lakini wamlaze ubavu tu, kwamba pumzi itakuwa inakatika na kurudi. Binti ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote. Alikuwa amefungua daftari la kaunta la mistari, na dozi zote zilikuwa mkononi mwake.

Meku alifariki Jumanne ya mwanzo wa Aprili, alfajiri, mvua ikinyesha. Sikuwepo. Kitinda mimba alinipigia saa kumi na moja. Walikuwepo Mama, binti na Baba Mdogo, ambaye siku hizo alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni. Alizikwa kihambani Jumamosi, kwa suti ya kijivu. Baba Mdogo alisimama mbele kabisa, na udongo wa kwanza baada ya Mchungaji ulikuwa wake. Mazishi yenyewe yalikuwa kama mazishi ya huku yalivyo, marefu, yenye kwaya tatu na risala nyingi.

Mofini inayobaki hairuhusiwi kukaa nyumbani, lazima irudishwe. Baada ya kuanua matanga, binti alishuka nayo hadi Kiboriloni nilikokuwa nasubiri gari. Alikuwa ameifunga kwenye khanga pamoja na lile daftari, akasema nalo nilichukue, huenda litasaidia wengine. Nilimuuliza anaendeleaje. Akasema bado anafunga Ijumaa. Hakusema anamfungia nani, nami sikuuliza.

Nilifungua daftari ndani ya daladala. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: saa, kipimo, na ya tatu haikuwa na kichwa cha habari. Humo alikuwa ameandika zaburi waliyoisoma pamoja baada ya kila dozi. Ilikuwa desturi yake kila jioni kuziandika saa za kesho yake mapema, ili usiku asikosee. Mstari wa Jumatatu saa nne usiku umejazwa: kipimo mara mbili, Zaburi ya 23. Chini yake ameandika saa kumi na mbili asubuhi, na nafasi mbili zilizofuata zimebaki wazi.